Mafuriko ya Bonde la Msimbazi ya 2011 na Alama Yalizoliachia Jiji la Dar es Salaam

Kuanzia tarehe 20 Desemba 2011, mvua kubwa zilinyesha mfululizo jijini Dar es Salaam na Mto Msimbazi ukafurika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza kuwa mvua za kiwango hicho hazikuwahi kushuhudiwa jijini tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha na maelfu walibaki bila makazi. Maji yalipungua baada ya siku chache, lakini athari zake zinaonekana hadi leo katika makazi, usafiri na mipango ya jiji.

Mto na bonde lake

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hukatiza katikati ya jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea maji ya mito midogo, ukiwemo wa Sinza. Kadiri nyumba na lami zinavyoongezeka, ndivyo maji ya mvua yanavyokosa pa kuzama na kukimbilia mtoni kwa wakati mmoja. Mchanga na taka navyo hujaza mkondo, hususan eneo la Jangwani, ambako bonde ni tambarare.

Makazi mapya na suala la riziki

Baada ya maafa hayo, Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, kaskazini mwa jiji, ambako walianza kuishi katika mahema na kupatiwa viwanja. Leo Mabwepande ni kata kamili ya Manispaa ya Kinondoni. Hata hivyo, wengi wa waliohamishwa walikuwa wakijipatia kipato Kariakoo na maeneo ya jirani. Kwa mchuuzi au kibarua anayeishi kwa kipato cha siku, nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo mzito, na baadhi yao walirejea mabondeni licha ya hatari waliyoifahamu vyema.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Desemba 2015, nyumba nyingi zilizokuwa bondeni, zikiwemo za Mkwajuni, Kinondoni, zilibomolewa. Zoezi hilo lilidhihirisha kuwa ubomoaji huondoa nyumba, lakini hauondoi sababu zilizomfikisha mwananchi bondeni.

Usafiri na takwimu

Barabara ya Morogoro hupita Jangwani, na ndiyo njia ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016. Mto unapofurika, barabara hiyo hufungwa, hivyo hata mkazi wa Kimara ambaye nyumba yake haijaguswa na maji hushindwa kufika kazini. Karakana ya mabasi hayo, iliyojengwa humo humo bondeni, nayo imekumbwa na mafuriko mara kadhaa.

Aidha, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walishiriki katika mradi wa Ramani Huria kuchora ramani za nyumba, mitaro na maeneo yanayotuama maji. Kumbukumbu za wakazi kuhusu kina cha maji ziligeuzwa kuwa takwimu za kupangia maendeleo.

Kuuachia mto nafasi yake

Mwaka 2022, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Mradi huo unahusisha kupanua mkondo wa mto, kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi na kuweka bustani ya jiji katika eneo lililokuwa na makazi. Bustani inaweza kufunikwa na maji kwa siku mbili bila mtu kupoteza maisha, nyumba haiwezi.

Mafanikio ya mpango huo yatategemea mambo mawili: ardhi iliyoachwa wazi kulindwa isivamiwe upya, na waliohama kupata makazi yasiyowatenga na riziki zao. Uzoefu wa Mabwepande umeonesha kuwa jambo la pili likisahaulika, la kwanza halidumu.