Kiharusi cha kuvuja damu: Kwa nini figo nazo zipimwe

MGONJWA wa kiharusi anapofikishwa hospitalini, macho ya ndugu zake huwa kwenye mkono uliolegea, mdomo uliopinda na ulimi unaoshindwa kutamka. Ni wachache wanaouliza habari za figo. Hata hivyo, kwa mtu ambaye mshipa wa damu umempasukia ndani ya ubongo, hali ya figo ni miongoni mwa mambo yanayochangia kuamua iwapo atapona na kwa kiasi gani.

Kiharusi ni cha aina kuu mbili. Kinachotokea mara nyingi ni kile cha mshipa kuziba. Katika aina ya pili mshipa hupasuka, damu ikavuja na kuubana ubongo. Hiyo ndiyo huua zaidi, na chanzo chake kikubwa ni shinikizo la juu la damu.

Shinikizo hilo ndilo pia huharibu figo. Ubongo na figo hupokea damu nyingi kupitia mishipa midogo ambayo, ikisukumwa kwa nguvu kwa miaka mingi, hukakamaa na kudhoofika. Kwa kuwa figo huchelewa kuonyesha dalili, mgonjwa anaweza kupatwa na kiharusi huku figo zake zimekwisha kuharibika bila yeye kujua.

Figo zinaposhindwa kazi, taka hubaki mwilini na kuzidhoofisha chembe zinazosaidia damu kuganda. Tafiti zimeonyesha kuwa wagonjwa wenye figo dhaifu hufariki kwa wingi zaidi baada ya kiharusi hiki, na wanaonusurika huelekea kubaki na ulemavu mkubwa zaidi.

Matibabu nayo huhitaji uangalifu. Utafiti wa kimataifa uitwao ATACH-2, uliochapishwa mwaka 2016, ulihusisha wagonjwa 1,000. Walioteremshiwa shinikizo kwa nguvu zaidi, chini ya 140, hawakupona vizuri kuliko wenzao walioachwa kati ya 140 na 179. Badala yake, matatizo ya figo katika siku saba za mwanzo yaliwapata asilimia 9, ikilinganishwa na asilimia 4 ya wenzao.

Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2022 unaelekeza kwamba, kwa kiharusi kisicho kikali sana, lengo liwe 140, na unatahadharisha dhidi ya kushusha chini ya 130. Dawa ya mannitol, inayopunguza uvimbe wa ubongo, nayo huweza kuziumiza figo ikizidi kiasi.

Kwa sababu hizo, damu ya mgonjwa hupimwa kreatinini, ambayo ni taka itokayo kwenye misuli, tangu anapolazwa, na kipimo hicho hurudiwa. Kutokana nayo daktari hukadiria kasi ya figo kuchuja damu. Kasi ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo.

Mgonjwa akirejea nyumbani, ni vema ndugu wakahakikisha kwamba hakosi maji, hasa ikiwa anameza kwa shida, na kwamba haachi vidonge vya shinikizo. Asipewe dawa za maumivu kama diklofenaki bila ushauri wa daktari. Na siku ya kliniki, pamoja na kuuliza lini mkono utapata nguvu, waulize pia figo zinaendeleaje.