Micere Mugo, mwanamke wa jukwaani kutoka Kirinyaga

Ukitoka Majengo, Embu, ukashika barabara ya Kutus hadi Kagio, Baricho haiko mbali. Huko ndiko alikozaliwa Micere Githae Mugo tarehe 12 Desemba 1942, enzi ambazo Kirinyaga ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Embu. Kwa hiyo watu wa Embu wana haki kamili ya kumwita wao. Kila anapotajwa, hutajwa nyuma ya mwandishi mwenzake Ngũgĩ wa Thiong'o, na hilo linaniuma, maana tamthilia iliyoitikisa Nairobi mwaka 1976 waliiandika wote wawili.

Alisoma Alliance Girls, kisha akawa miongoni mwa wasichana Waafrika wa kwanza kupokewa Limuru Girls, iliyokuwa shule ya Wazungu. Makerere ikafuata, halafu Kanada, kabla ya kurudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wakati wa kuandika tamthilia hiyo, inayohusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, yeye na Ngũgĩ walikwenda Nyeri, kwao Kimathi, wakazungumza na waliomjua. Waliyoyasikia yakazaa mhusika ninayemwona kuwa moyo wa mchezo wote: mama asiye na jina, anayeitwa Mwanamke tu. Anapita mbele ya askari na mkate, na ndani ya mkate imefichwa bastola. Wazee wetu wa Embu na Meru hawahitaji kuelezwa mama huyo ni nani. Wanawake kama yeye ndio waliopeleka chakula na habari msituni, na hadithi nyingi za Mau Mau huwapita kimya.

Kupata ukumbi kulikuwa vita vingine. Ukumbi wa Michezo wa Kitaifa wa Kenya, jijini Nairobi, ulikuwa bado mikononi mwa wapenzi wa michezo ya Kizungu, na Wakenya wakaachiwa siku chache za Oktoba. Seth Adagala aliongoza mchezo. Watazamaji walijaa, wakainuka kuimba na kucheza pamoja na waigizaji hadi barabarani. Mwaka uliofuata ukapelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Kwa Kiswahili tunausoma kama Mzalendo Kimathi.

Serikali haikupendezwa naye. Mwaka 1982, akiwa mkuu wa kitivo, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini, alilazimika kukimbia na binti zake wawili, akanyang'anywa uraia. Zimbabwe ilimpokea. Baadaye alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, hadi alipostaafu. Alifariki tarehe 30 Juni 2023.

Ugenini hakuliacha jukwaa. Shairi kwake halikuwa la kusomwa huku watu wamekaa kimya. Kwanza aliwafundisha wasikilizaji kiitikio, kisha akaanza, nao wakawa wanamjibu, kama walivyofanya mababu zetu penye moto jioni.