Pembe za Mbuzi na Kazi ya Saa Nane Usiku

Wasee, mwaka jana tulikuwa wanne tukiunda apu ya kuagiza gesi ya kupikia. Kila mtu kwake, na kompyuta yake. Wiki tatu nzima tunaambiana kwa WhatsApp "yangu iko sawa." Usiku wa kuamkia siku ya kumwonyesha mteja ndio tukaunganisha kazi zote. Ikakataa kata kata. Jogoo anawika, sisi bado tunalaumiana. Mteja hakuturudia.

Nilidhani ni uzembe wetu tu. Kumbe hii shida imenizidi umri.

Kodi ya programu, si ile ya KRA, ikiandikwa na watu wengi lazima ikusanywe pamoja na kugeuzwa kitu kinachofunguka kikafanya kazi. Huko ndiko kujenga. Mkichelewa kujenga, makosa yanarundikana na hamjui lililoanza ni la nani.

Timu ya Windows NT pale Microsoft, chini ya Dave Cutler, ilijenga kila siku. Na si mchezo. Mwaka 1996 Steve McConnell aliandika kwamba toleo la kwanza lilikuwa na mistari milioni 5.6 ndani ya faili 40,000, na kulijenga lote kungeweza kumaliza saa 19 kwenye mashine kadhaa. Saa 19, manze! Mradi ukikaribia mwisho, walitembea na peja: ukivunja ujenzi unaitwa, hata kama ni saa tisa usiku. Anataja pia timu zilizomvalisha mkosaji pembe za mbuzi, au kumtoza dola 5. Hizo pembe zinanikera. Mtu akiogopa kuchekwa ataficha kazi yake, vile sisi tulificha.

Ndio maana nampenda Kohsuke Kawaguchi, Mjapani aliyekuwa Sun Microsystems. Kodi yake ilivunja ujenzi mara kwa mara, wenzake wakamkasirikia, akachoka. Mwaka 2004 akaanza kuandika programu ya kumjengea, kujaribu, na kumwambia palipoharibika kabla wenzake hawajajua. Akaiita Hudson. Oracle waliponunua Sun mwaka 2010, mzozo ukazuka juu ya jina, na 2011 wanajamii wake wakaibatiza Jenkins. Ni ya bure hadi leo.

Ratiba yake imerithi mtindo wa cron, mtumishi mkongwe wa Unix tangu miaka ya 1970: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Unaandika 0 2 * * * na kila usiku inaamka yenyewe. Lakini hapo Mswahili chunga. Hiyo 2 si saa mbili, ni saa nane usiku. Na kama seva inafuata saa za UTC, kwetu Nairobi itakuwa saa kumi na moja alfajiri. Mimi niliingoja usiku mzima nikidhani imekufa.

Sasa tuna mradi mwingine, wanne walewale, na Jenkins kwenye seva ya bei ya chini. Juzi alfajiri ujumbe ukaingia: ujenzi umevunjika, na mistari yenye kosa ni yangu. Nikarekebisha kabla chai haijapoa. Wale watatu walikuwa bado wamelala.