Mlandege Mbili na Picha Iliyochelewa

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake kwamba televisheni ilichelewa kufika Nyanda za Juu Kusini kwa sababu ya mwinuko na baridi. Niliipigia sentensi hiyo mstari mwekundu, ingawa sikumlaumu sana. Nimekulia Mlandege, Iringa, na maelezo hayo nimeyasikia tangu utotoni, kutoka kwa mafundi wa sokoni hadi kwa wazee wa mtaa: huku ni juu mno, mitambo ya watu wa pwani haipatani na hewa yetu.

Ipo Mlandege nyingine, ya mjini Unguja. Wakazi wa mji ule walianza kuona televisheni mwaka 1973, enzi za Rais Aboud Jumbe, ilipozinduliwa Televisheni ya Zanzibar, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Mlandege yetu ilisubiri zaidi ya miaka 20. Mtu akizilinganisha hizi mbili, moja ikiwa karibu na usawa wa bahari na nyingine takribani mita 1,550 juu yake, ni rahisi kuuhukumu mlima.

Tuipime hukumu hiyo kwa majirani zetu. Mwaka 1962 Wakenya walifunga kituo chao cha kwanza cha kurushia picha katika nyumba ya shambani huko Limuru, mahali palipo juu kuliko Iringa na penye ukungu usioutania wetu. Mwaka 1964 televisheni ilianza Addis Ababa, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Wakati huohuo Dar es Salaam, yenye mawimbi ya bahari mlangoni, haikuwa na kituo hata kimoja, na iliendelea hivyo hadi miaka ya 1990. Katika jambo hili Iringa na Dar es Salaam zilikuwa gizani pamoja.

Lililotutenga na Unguja lilikuwa uamuzi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, ikaweka nguvu zake katika redio. Sina ugomvi na uamuzi huo kwa wakati wake. Mawimbi mafupi ya redio hupanda angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali, bila kujali ni kilima gani kimesimama katikati. Redio ya betri ilifika hata kwenye kitongoji kisichojua nguzo ya umeme. Ninachokihoji ni kwamba uamuzi wa miaka ya 1960 uliachwa bila kupitiwa upya kwa muda mrefu mno, hata mlango ulipofunguliwa, mwaka 1994, waliotangulia kuingia wakawa wafanyabiashara: ITV, CTN na wenzao. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye, kuelekea mwanzo wa karne hii. Mfanyabiashara hujenga mnara palipo na wateja wengi. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mpangilio huo ndio uliowaweka watu wa milimani mwisho wa foleni.

Hapo sasa ndipo mlima unapoingia kweli katika historia hii, na si kwa urefu wake bali kwa umbo lake. Ukisimama juu ya jiwe la Gangilonga unaona paa za mji na bonde la Ruaha Mdogo, ila huoni kilichojificha nyuma ya kilima kinachofuata. Mawimbi ya televisheni yana tabia inayokaribiana na ya macho yako: husafiri karibu moja kwa moja. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare huweza kufikisha picha kiasi cha kilomita 40, lakini ukiweka tuta la mlima njiani, nyumba ya mgongoni inapata na ya bondeni inakosa, hata kama zinapakana kwa shamba. Ndiyo maana tulifunga antena juu ya milingoti mirefu ya mikaratusi. Mmoja wetu alipanda kuizungusha, mwingine akapiga kelele kutoka sebuleni: “Hapo hapo! Ah, umepitiliza!” Jioni nzima ya chenga kwa dakika chache za taarifa ya habari.

Mwinuko wenyewe una makosa madogo. Hewa ya Iringa ina mgandamizo pungufu wa ule wa pwani kwa takribani sehemu moja ya sita, kwa hiyo inapoza vifaa vya umeme kwa udhaifu kidogo. Runinga za plazma, zenye gesi ndani ya kioo, ziliweza kuvuma kama nyuki zikipandishwa juu sana, na vifaa vingi vya nyumbani hutengenezwa kwa matumizi yasiyozidi mita 2,000. Mkazi wa Kitulo ana haki ya kulisoma onyo hilo kwa makini. Wa Mlandege aogope zaidi radi na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Kisha ikaja dijitali. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Mbeya ikawa 30 Aprili 2013. Picha zikawa safi kwa waliofikiwa. Ila analojia, hata ilipodhoofika, ilikuachia kivuli cha mtangazaji na sauti yake. Dijitali haina huruma hiyo: ishara ikipungua kupita kiwango, kioo kinakuwa cheusi.

Shangazi yangu anaishi bondeni, wilayani Kilolo. Alinunua king'amuzi cha antena, akaona weusi, akauza debe kadhaa za mahindi na kununua dishi. Kwetu dishi huutazama utosi wa anga. Mojawapo ya setilaiti zinazotuhudumia imekaa nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu, na ungo wake hulala kama unaokinga mvua. Kilima hakina uwezo juu yake. Malipo ya mwezi ndiyo yenye uwezo.

Mwaka 2018 chaneli za bure za nyumbani ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti, kwa maelezo kwamba leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kuzibeba, na kwamba mwananchi angezipata bure kwa antena. Kisheria hoja ilikuwa na miguu. Ilimsahau tu mtu ambaye antena yake inatazamana na mlima.

Shangazi alinipigia simu wiki hizo. “Mwanangu, wewe uliyesoma, niambie, Dodoma kuna nini siku hizi?” Nikamweleza niliyoyajua. Nilipomtembelea nikaikuta redio ya marehemu mjomba imetolewa sandukuni, imefutwa vumbi, iko dirishani na betri mpya.