Habari za Mji wa Bagamoyo

Wasikilizaji, katika pwani ya Mrima, kaskazini ya Dar es Salaam, uko mji mdogo wa Bagamoyo. Mgeni apitaye huona magofu ya mawe, milango ya nakshi na mnada wa samaki ufukoni, akadhani kwamba mji huu haukupata kuwa na ukubwa. Sivyo hata kidogo.

Hapo kale palikuwapo Kaole, upande wa kusini, ambapo misikiti na makaburi ya wazee yangali yaonekana. Katika karne ya 19 Bagamoyo ikawa mlango wa njia ya bara, iendayo Tabora hata Ujiji. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Basi kila kitu kilichukuliwa na watu. Wanyamwezi walishuka na pembe za ndovu, wakarudi na merikani, ushanga na masango, kila mtu na mzigo upatao frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Mwezi wa Februari 1874 Susi na Chuma na wenzao walifikisha hapo mwili wa Livingstone, baada ya mwendo wa miezi mingi.

Yasemekana kwamba jina la mji latokana na maneno “bwaga moyo”. Kwa mpagazi aliyefika salama, maana yake ni kupumzika. Kwa mtumwa aliyengoja jahazi la Unguja, ni kukata tamaa.

Mwaka 1888 kampuni ya Wadachi ilipoitwaa pwani, Abushiri bin Salim aliwaongoza watu wa Mrima kuipiga vita, naye akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bagamoyo ikawa makao ya utawala wa Wadachi, lakini si kwa muda mrefu. Maji ya pwani yake ni haba: jahazi hukaa mchangani maji yakipwa, bali meli za moshi hazina budi kutia nanga mbali. Kwa hiyo mwaka 1891 makao yalihamia Dar es Salaam, yenye bandari ya kina. Reli ikaanzia huko mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa wapagazi mamia ukachukuliwa na gari moja la moshi, na utajiri ukaifuata njia mpya.

Hata hivyo mji haukufa. Wavuvi wake wangali hodari, na tangu mwaka 1981 una chuo cha sanaa kijulikanacho mbali. Basi, vijana, mpitapo penye magofu yale, msiwataje matajiri wenye majumba peke yao. Ulizeni pia ni mabega ya nani yaliyouleta utajiri ule.