Mama wa Mungu: Mtaguso wa Efeso na Fumbo la Umwilisho



Wapendwa waamini, kila tunaposali Rozari tunamwita Bikira Maria Mama wa Mungu mara 53. Ulimi umelizoea jina hilo hata hatulifikirii tena, mpaka siku jirani anapotuuliza: Mungu asiye na mwanzo awezaje kuwa na mama? Swali hilo si jipya, wala si la kupuuzwa. Lililitikisa Kanisa katika karne ya 5, na jibu lililotolewa ndilo msingi wa imani yetu katika fumbo la Umwilisho.

Mwaka 428 Nestori, mmonaki na mhubiri hodari kutoka Antiokia, aliwekwa kuwa askofu wa Konstantinopoli, makao ya Kaisari. Huko alikuta waamini wakimwita Maria kwa neno la Kigiriki Theotokos, maana yake Mzazi wa Mungu. Halikuwa jina geni, kwa kuwa Aleksanda, askofu wa Aleksandria, alikuwa amelitumia katika barua yake karne moja hivi kabla. Nestori hata hivyo aliona linaleta hatari, akapendelea Maria aitwe Mama wa Kristo.

Tumtendee haki. Nestori alikusudia kuulinda utukufu wa Mungu. Mungu hazaliwi, haoni njaa, hafi; basi, alifikiri, mambo hayo yasisemwe juu ya Neno wa milele, ila juu ya mtu Yesu ambaye Neno alikaa ndani yake kama katika hekalu. Kumbukumbu za Mtaguso zinasimulia kwamba alikataa kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili au mitatu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ikiwa Neno alikaa tu ndani ya Yesu, basi alikuwa kama mpangaji katika nyumba ya mtu. Paa likivuja, mwenye nyumba ndiye anayepata hasara. Mpangaji aweza kuhama. Pale Kalvari angekuwa ameteseka mtu mwema, na Mungu angekuwa mtazamaji wa karibu. Je, mtu mwema, hata awe mtakatifu namna gani, angeweza kuukomboa ulimwengu?

Mtakatifu Sirili, askofu wa Aleksandria, aliuona mwanya huo. Akiwaandikia wamonaki wa Misri, alitoa hoja ambayo hata asiyesoma teolojia aweza kuielewa. Mama humpa mtoto mwili, lakini roho hutoka kwa Mungu. Hata hivyo hakuna asemaye kwamba mwanamke amezaa mwili tu. Amemzaa mtu mzima. Sisi tunalijua jambo hili vizuri kwa desturi yetu wenyewe. Mwanamke akijifungua, jina lake hubadilika, akaitwa Mama Neema au Mama Juma. Haitwi mama wa mwili wa Juma. Mama ni mama wa nafsi aliyemzaa. Na Yule aliyezaliwa na Maria ni nani? Ni Neno mwenyewe, Nafsi ya pili ya Utatu Mtakatifu. Maria hakumpa umungu wake, kwa maana anao tangu milele. Alimpa ubinadamu, naye akaufanya kuwa wake kweli.

Papa Selestini I aliihukumu mafundisho ya Nestori mwaka 430. Kaisari Theodosi II akaitisha Mtaguso Mkuu mjini Efeso, nao ukafunguliwa tarehe 22 Juni 431 katika kanisa lililoitwa kwa jina la Maria. Maaskofu wapatao 200 walimwondoa Nestori madarakani siku hiyohiyo, na watu wa mji wakawasindikiza kwa mienge. Hata hivyo historia haifichi udhaifu wa wanadamu. Sirili hakuwasubiri maaskofu wa Antiokia. Walipofika siku chache baadaye, nao walifanya kikao chao na kumhukumu yeye. Iliwachukua hadi mwaka 433 Sirili na Yohane wa Antiokia kupatana. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalsedonia ukaeleza kwa ukamilifu zaidi kwamba Kristo ni Nafsi moja katika hali mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, zisizochanganyika wala kutengana.

Jeraha jingine lilidumu zaidi. Kanisa la Ashuru la Mashariki, ambalo halikuupokea Mtaguso wa Efeso, liliishi mbali nasi kwa karne nyingi. Tarehe 11 Novemba 1994, Papa Yohane Paulo II na Patriarki Mar Dinkha IV walitia saini mjini Roma tamko la pamoja, wakikiri imani moja juu ya Umwilisho, na kutambua kwamba jina Mama wa Mungu na jina Mama wa Kristo mnayotumia pande hizo mbili yote yaweza kuibeba imani hiyo.

Ndugu wapendwa, tunawazika watoto wachanga, tunakesha na wagonjwa, tunayafahamu maumivu ya mwili. Kama Mungu aliuazima mwili tu, hana la kumwambia mama anayelia wodini. Lakini tunakiri kwamba Mungu mwenyewe alinyonya, alichoka, alilia kaburini kwa rafiki yake, akafa msalabani. Hakuna sehemu ya ubinadamu wetu aliyoiona kuwa ya aibu kwake.

Basi Dominika hii, tutakapoinama katika Kanuni ya Imani tunapoutaja Umwilisho, tuiname tukijua tunachokikiri. Na jirani akituuliza tena kama Mungu ana mama, tusikasirike. Tumweleze kwa upole kwamba mtoto yule wa miezi miwili, aliyebebwa mikononi mwa Maria, ndiye Mungu wetu.

Mama wa Mungu atuombee. Amina.