Neno la Wiki: Shoti

Gari likigoma kuwaka asubuhi, mpita njia wa kwanza atatamka: "Hiyo shoti." Mara nyingi amekosea.

Neno tumelitoa katika Kiingereza, lenye maana ya ufupi. Kwa fundi umeme wa magari, shoti ni njia ya mkato: waya umechubuka, shaba imegusa bodi, na kwa kuwa bodi imeungwa na hasi ya betri, umeme unarudi nyumbani bila kupitia taa wala honi. Mkondo unafurika, fyuzi inaungua. Pasipo fyuzi, huungua waya.

Waya uliokatika si shoti. Hapo umeme haupiti kabisa. Nayo stata ikilia "ka!" moja tu huku taa zikififia, anza na betri: ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6. Kisha sugua kutu kwenye vichwa vyake, ukaze pia waya wa ethi, ule unaounga hasi na bodi.

Neno lenyewe halikutulia gereji. Aliyerushwa na umeme kapigwa shoti. Keshia ambaye hesabu yake ya jioni imepungua kapata shoti. Na farasi akitimua mbio, kamusi husema anakwenda shoti. Maana hiyo ni ya mbali kabisa.

Basi ukiambiwa gari lina shoti, uliza kwanza: fyuzi ipi imeungua? Zikiwa nzima zote, huenda shoti iko mfukoni mwako tu, baada ya kulipa.